Fabiano Oola, Fundi Aliyeupanda Mlima wa Naguru Mara Mbili

Mzee Fabiano Oola, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1963 katika nyumba za askari wa gereza, Luzira. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Yakobo Oola, askari magereza aliyetoka Kitgum, na marehemu Mama Rosalina. Inasemekana alijifunza kutambaa kwa kuifuata baiskeli ya baba yake, na kwamba kabla hajaanza kutembea alikuwa ameshaing'oa spoki mbili. Shahidi wa jambo hilo hayupo tena duniani, lakini waliomfahamu marehemu hawatalibishia.

Alisoma shule ya msingi palepale Luzira kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, kisha sekondari miaka minne. Kiswahili alikiokota kambini, kwa sababu watoto wa Waacholi, Walugbara na Wateso hawakuwa na lugha nyingine ya kugombania mpira. Hesabu aliipenda, insha alizikimbia, na ndiyo maana kazi ya kuandika maisha yake imemwangukia binti yake Lamwaka, anayewasomea sasa. Mwaka 1984 alimaliza kozi ya ufundi wa magari hapa Kampala. Cheti chake kilining'inia ukutani hadi oili ya gereji ikakifanya kisisomeke.

Alifanya kazi miaka minane katika karakana ya serikali. Mwezi Juni 1993 akafungua gereji yake mwenyewe Bukoto, penye uwanja usiotosha magari manne. Alikuwa fundi hodari, na bahati mbaya alilijua hilo mapema mno.

Mwaka uliofuata alimfahamu Joska Amony, mwalimu wa shule ya msingi, aliyeleta pikipiki ya baba yake itengenezwe. Pikipiki ilipona siku ileile, ila Fabiano akamwambia arudi mara tatu zaidi kwa uchunguzi. Joska alijua vizuri kwamba hakuna pikipiki inayochunguzwa hivyo, na bado alirudi mara zote tatu.

Baba yake Joska alikuwa Sajini Odur, mtu wa Lira, aliyekaa katika nyumba za polisi Naguru, juu mlimani. Hakuwa na neno juu ya kabila la kijana wala dini yake. Tatizo lake lilikuwa kazi. Mafundi wote aliowajua yeye walikuwa watu wa kuahidi kesho. Akatuma ujumbe kwamba kama Fabiano anamtaka binti yake, basi awalete wazee wake wa kuposa kwa gari alilolitengeneza kwa mikono yake, liwafikishe hadi mlangoni. Wakifika, watazungumza.

Fabiano alifurahi kama mtu aliyepewa mtihani anaoujua. Alikuwa na pikapu kuukuu ya petroli ambayo injini yake ilikuwa imekufa kabisa. Akaitilia injini ya dizeli. Hesabu yake ya kwanza ilikuwa sahihi, na mafundi aliowafunza waliopo hapa wanaweza kuikariri: dizeli hupenda kuvuta, haipendi kuzunguka mbio kama petroli, kwa hiyo ukiiachia difu ya zamani, yaani zile gia za ekseli ya nyuma, gari litapiga kelele nyingi na mwendo hauonekani. Difu ile ilitaka propela, chuma kinacholeta nguvu kutoka kwa injini, izunguke karibu mara tano ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Akaing'oa. Badala yake akaweka difu ya gari dogo la mwendo kasi, ya mara tatu na kidogo. Akaongeza matairi makubwa kwa sababu yalipendeza, na klachi akaiacha ileile ya petroli. Jumatano mchana akalijaribu gari peke yake kwenye barabara ya Port Bell, ambako ni tambarare, likakimbia mpaka likamtisha. Alirudi gereji anapiga mluzi.

Jumamosi tarehe 11 Machi 1995 wakatoka Luzira watu kumi na mmoja, mbuzi wawili na kreti sita za soda. Msemaji alikuwa mjomba wake, Mzee Obonyo, aliyevaa suti ya harusi yake mwenyewe. Walitakiwa kufika saa nne. Mpaka chini ya Naguru gari lilikwenda vizuri, na Mzee Obonyo alikuwa ameanza kumsifu dereva. Kisha mlima ukaanza. Gia ya nne ikashindwa, ya tatu ikashindwa, ya pili ikakohoa na injini ikazima. Fabiano akaliwasha tena na kutia gia ya kwanza, lakini klachi ikateleza, moshi ukatoka, na pikapu ikaanza kurudi nyuma polepole pamoja na posa yake. Wazee wakaruka chini wakaweka mawe nyuma ya magurudumu. Walisukuma hatua thelathini hivi, mama mmoja akiwa amelikunja vazi lake la gomesi hadi magotini, kisha pumzi zikawaishia. Mbuzi peke yao ndio waliokuwa tayari kuendelea.

Huko juu Joska alikuwa amefungiwa ndani, maana msichana anayeposwa haonekani mpaka aitwe. Aliona yote kupitia dirisha na hakuweza hata kunyoosha mkono. Sajini Odur akashuka mlima taratibu, mikono nyuma, akasimama mbele ya gari.

"Hii gari imekuwa nini?" akauliza.

Mzee Obonyo, kwa wema wa mjomba, akaanza kueleza kwamba mafuta ya siku hizi yana maji. Fabiano akamkatiza, jambo ambalo kijana hamfanyii mjomba wake mbele ya wakwe.

"Hapana, afande. Mafuta iko sawa. Difu ndiyo nilichagua mbaya, na gari nilipima bila watu ndani. Kosa ni yangu."

Sajini akaitazama klachi inayofuka, akawatazama wazee. Akasema wageni hawawezi kuingia nyumbani kwake kwa miguu wakati waliahidi gari, lakini chakula kimekwisha kupikwa. Kwa hiyo chakula kikateremshwa, na ujumbe wa posa ukala kando ya barabara, sahani mapajani. Walipomaliza, akampa Fabiano wiki tatu. Gari likipanda na watu walewale, mazungumzo yataendelea. Likishindwa, Joska yuko huru kuolewa kwingine.

Wiki hizo tatu marehemu hakulala vizuri, na alikonda. Aliogopa, na hakuona aibu kutusimulia hivyo alipokuwa mtu mzima. Rafiki yake Wamalwa, muuza vipuri, ndiye aliyemuuliza swali ambalo yeye hakujiuliza: gari litabeba nini, na litapanda wapi? Akamtafutia difu ya katikati, ya mara nne na kidogo, yenye nguvu ya kupanda bila kuua mwendo. Fabiano akarudisha matairi ya zamani, akanunua klachi inayolingana na dizeli, na kila asubuhi akaupanda mlima wa Mulago na magunia ya mchanga yenye uzito wa watu kumi na mmoja. Jumamosi tarehe 1 Aprili, siku ambayo nusu ya wazee walidhani wanataniwa, pikapu ilipanda Naguru kwa gia ya pili bila kukohoa na kusimama mlangoni saa tatu na dakika hamsini. Harusi ya kanisani ilifungwa tarehe 16 Desemba 1995.

Tangu hapo, mteja aliyekuja Bukoto akitaka dizeli hakuulizwa kwanza anataka injini gani. Aliulizwa anabeba nini. Wengine walikereka, wakaenda kwa mafundi wasiouliza, na wengi wao walirudi. Mwenyewe kila Krismasi alitusimulia jinsi alivyompata mke kwa difu. Kila mwaka aliongeza chumvi, hata mwisho mbuzi wakafika wanne na mlima ukawa mkali kuliko ukuta wa nyumba.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2023. Alitibiwa Mulago kwa miaka miwili, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia akiwatengenezea vitanda vilivyolegea bila kuombwa. Jumanne kabla hajafariki alikuwa akimsimulia muuguzi mmoja habari za Naguru. Alipofika mahali pa kusema kwamba bila difu ile ya katikati asingempata mke, Mama Joska akaweka kikombe chini na kusema jambo alilolificha miaka thelathini.

Alimwambia mumewe kwamba jioni ileile ya tarehe 11 Machi, wageni walipokwisha kuondoka, baba yake aliingia ndani, akavua kofia, na kumwambia, "Gari itapanda siku ingine. Lakini kijana ya kusema kosa ni yake mbele ya wakwe, sijaona. Huyo nimekupatia leo. Usimwambie, wacha kwanza atengeneze klachi."

Mzee akamgeukia mkewe. Akauliza kwa nini hakumwambia miaka yote hiyo. Mama akajibu kwamba mumewe alikuwa anajivunia sana difu yake, angeanzaje kumnyang'anya? Mzee akacheka mpaka mashine ya pembeni ikalia na muuguzi akaja mbio. Kisha akamshika mkono mkewe na kusema, "Kumbe mimi nilikuwa nimeshafika."

Alifariki Jumapili tarehe 19 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 62.

Ameacha mjane, Joska Amony, watoto watatu, Lamwaka, Odur na Obonyo, wajukuu wanne, dada yake Zabina, rafiki yake Wamalwa, na mafundi kumi na saba aliowafunza kazi. Mungu aliyetupatia Fabiano amemchukua. Ampokee mlangoni, na ampe pumziko lenye amani.