Kengele Iliyonyamaza Ghalani

Ndugu zangu, nimesimama mbele yenu nikiwa nimechoka, na sitajifanya vingine.

Nilipomaliza chuo Kitale, nilirudi hapa Matulo na kipande cha kauri, udongo mgumu uliochomwa kama wa kikombe, kidogo kuliko kifungo cha shati. Kauri hiyo, joto lake likibadilika, huzaa umeme kidogo. Ndiyo iliyomo katika zile taa zinazowaka mtu akipita. Niliiunganisha na kengele, nikawaahidi kwamba mahindi ya ghala letu yakianza kupata moto kwa unyevu, italia. Mnakumbuka nilivyoisogezea kikombe cha chai? Ililia. Mkapiga makofi, mkaniita injinia.

Kisha nikawaambia kina mama waache kufungua magunia na kuingiza mkono. Nilisema hayo ni mambo ya zamani. Mama mmoja, aliyetupimia magunia kwa mkono miaka yote, aliniuliza, "Na hicho kikilala?"

Nikacheka. "Hakilali, Mama."

Kililala. Nawaambia ukweli, kauri ile haihisi joto lililotulia. Huhisi joto linalobadilika, tena kwa haraka. Chai ilikuja ghafla. Mahindi yalipata moto polepole, siku baada ya siku, na kauri ikapata moto pamoja nayo, kimya. Hayo nilikuwa nimeyasoma. Nilikuwa hata nimeyajibu katika mtihani.

Tulipopata harufu, magunia ya chini yalikuwa yameota ukungu. Kilikuwa chakula chenu, ninyi mlioketi hapa. Hatukuthubutu kuwapa hata kuku. Tulichimba shimo, tukafukia. Mtu mmoja akasema pale shimoni, "Ati hakilali, injinia?" Hakuna aliyecheka.

Nilikimbia. Nilipanga chumba mtaa wa Kipsongo, kule Kitale, nikawa nafanya vibarua vya kufua nguo, na simu zenu sikuzipokea. Niliamini kwamba aliyewanyima watu chakula hana haki ya kuwatazama machoni.

Yule mama alinifuata hadi mlangoni. Hakunihubiria. Alisema, "Mavuno yameingia na mimi niko peke yangu. Vaa viatu."

Ghalani aliingiza mkono katika gunia, akautoa, akaupunga mlangoni kwenye upepo, ndipo akaenda gunia la pili. Nikamuuliza kwa nini anaupunga.

"Mkono ukikaa ndani unazoea, binti. Ukishazoea haukwambii kitu. Si hata huko chuoni walikufunza?"

"Walinifunza, Mama."

"Basi shika gunia."

Nililishika huku nalia. Alikuwa amenieleza kauri yangu yote.

Siku hizi kauri imefungwa kwenye ncha ya fimbo ya chuma, na badala ya kengele nimeiunganisha na kipimo chenye mshale. Tunaichomeka ndani ya gunia, tunasoma mshale, tunaitoa ipoe mlangoni, kisha gunia linalofuata. Ni kazi ya kuchosha mgongo. Mwezi uliopita mshale uliruka kwenye gunia moja, Mama akaingiza mkono akasema, "Hili." Tukalianika siku hiyo hiyo, likapona.

Nawashukuru ninyi mliofukia chakula chenu na bado mkaniwekea kiti. Namshukuru yeye aliyenifuata, anajijua. Nililojifunza ni hili: kabla hujamwambia mtu aache kazi yake, ifanye naye kwanza hadi akuchoke.

Naomba sasa niketi. Kesho asubuhi ni zamu yangu ghalani, na Mama ameniagiza nianze kwa mkono mtupu.