Wawili Tuliowaaga Wasiondoke

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Mchungaji Ephraim Gitonga na mkewe, Mwalimu Nkatha, wanastaafu rasmi Alhamisi tarehe 30 Juni 2022. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mimi ni karani wa ofisi, na kwa sababu, kama alivyosema mkurugenzi, mimi ndiye niliyetoa ufunguo wa basi. Yote mawili ni kweli, na la pili nitalieleza.

Waliajiriwa na Huduma ya Neno Safarini mwaka 1996, wakiwa na miezi minne tu ya ndoa. Kituo chao cha kwanza kilikuwa lori. Lori hilo lilizunguka Isiolo na Marsabit likiwa na kipaza sauti juu na magunia ya vitabu nyuma, naye Mwalimu Nkatha akiwa amebanwa katikati, akiandika maneno ya lugha za wenyeji kwenye daftari lililorukaruka magotini. Mchungaji husema mwandiko wa mkewe hadi leo una mashimo ya barabara ya Marsabit. Waliishi hivyo miaka kumi na miwili, wakajifunza lugha tatu, na matairi waliyopasua hakuna aliyeyahesabu.

Mwaka 2008 walihamishiwa hapa Sydney, wakapanga nyumba Guildford na kuanzisha darasa la Kiswahili la Jumamosi kwa watoto wetu, wale ambao ukiwaambia waje kula wanakuja mbio, lakini wanajibu "coming!" Mchungaji aliweka sheria kwamba atakayejibu kwa Kiingereza atafuta ubao. Kwa muda mrefu ubao wetu ulikuwa safi kuliko ubao wowote Australia. Mwalimu Nkatha ndiye aliyepata dawa. Alileta mandazi ya moto, na asiyeomba kwa Kiswahili hakupata. Ndani ya wiki tatu watoto wote walijua Kiswahili, angalau kile cha mandazi.

Sifa ya mandazi hayo ilivuka bahari. Mwaka 2018 tulipokea barua kutoka kwa kanisa dogo la Wacherokee, kule Oklahoma, Amerika. Wazee wanaoizungumza lugha yao vizuri walikuwa wamebaki wachache, nao watoto walielewa maneno mawili matatu na kujibu kwa Kiingereza. Waliomba wapatiwe watu wenye uzoefu wa ugonjwa huo. Katika shirika letu lote, wenye uzoefu huo walikuwa wawili, na wote wawili walikuwa Guildford wakiumua unga.

Hapo ndipo walipoanza kusoma isimu ya Kicherokee, Mchungaji akiwa na miaka sitini na mitatu. Mwalimu wao kwa simu alikuwa bibi wa kanisa hilo wa miaka themanini, Lorene, mcheshi na mkali kwa wakati mmoja. Maandishi yao yana herufi themanini na tano, na karibu kila moja ni silabi nzima. Mwalimu Nkatha, aliyelelewa kwa ba-be-bi-bo-bu, alisema hatimaye ameona watu walioandika lugha kwa adabu. Vitenzi ndivyo vilivyowatoa jasho. Ukitaka kupewa kitu kwa Kicherokee, unachagua kitenzi kufuatana na kitu chenyewe: kama kina uhai, kama ni cha majimaji, kama ni kirefu na kigumu, kama kinakunjika, na kadhalika. Mwalimu Nkatha aliamuru kwamba nyumbani kwake hapatakuwa na chai kwa mtu atakayekosea. Siku ya kwanza Mchungaji aliomba chai kwa kitenzi cha viumbe hai. Akaletewa paka wa jirani.

Safari ilipangwa kuwa Jumatano tarehe 25 Machi 2020. Jumamosi ya tarehe 14 tuliwaaga, na tuliwaaga kikwetu. Palikuwa na pilau, keki yenye umbo la ndege, hotuba kumi na moja na machozi ya kutosha kufulia mapazia. Wao waligawa vyombo vyao vyote, kuanzia kitanda hadi jokofu, na mimi nikapata kabati la sahani. Sisi nasi tukawapa mablanketi, kofia na soksi za sufu. Mzee Venant Niyonzima wa Mount Druitt, Mrundi mpole aliyekuja hapa kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, alivua koti lake zito, la pekee alilokuwa nalo, akamvika Mchungaji kwa ajili ya theluji ya Oklahoma.

Asubuhi ya tarehe 25 walikabidhi funguo za nyumba na kwenda uwanja wa ndege. Siku hiyohiyo serikali ilizuia watu kutoka nje ya nchi kwa sababu ya korona. Walirudi ofisini saa tisa mchana, wamevaa nguo za safari, wamekaa juu ya masanduku yao. Nilidhani watalia. Mchungaji aliniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu mwingine aliyewaona.

Asiyetoka kwetu atashangaa kwa nini hawakurudi tu kwa watu. Kwetu mtu akishaagwa ameagwa. Utarudi useme nini, kwamba unaomba kitanda chako? Utamtazamaje Venant aliyebaki na sweta? Mchungaji huyu aliwahi kusimamishwa na majambazi wenye bunduki na akawaombea hadi wakachoka kusubiri. Lakini kuwatokea akina mama wa Guildford waliomlilia siku kumi na moja nyuma, hapana. Waliona kwamba wangeumbuka mbele ya kila aliyewatolea, na hilo hawakuliweza. Kwa hiyo nilitoa ufunguo wa basi dogo kuukuu la Huduma, lenye kitanda na jiko la gesi, wajisitiri wiki mbili hadi ndege ziruke.

Wiki mbili zilikuwa miezi kumi na saba. Kwenye daftari la ofisi, safu ya "Mahali", mimi niliandika "Njiani" kila mwezi, na haukuwa uongo.

Waliishi barabarani ndani ya mji waliouaga. Jumamosi na Jumapili waliegesha Minto kwenye eneo la viwanda, ambako siku hizo hakuna mtu. Siku za kazi walihamia maegesho ya bustani za Campbelltown. Walibandika herufi zote themanini na tano ndani ya basi, juu ya usukani, juu ya sinki, hata darini juu ya kitanda, nao waliendelea na masomo kwa Lorene bila kukosa hata juma moja. Wengine wote tulilalamika kuhusu barakoa, lakini hawa wawili walizishukuru. Shida ilikuwa kicheko cha Mwalimu Nkatha, ambacho kinajulikana kuanzia Parramatta hadi Fairfield, hivyo alipigwa marufuku kucheka madukani. Anasema hilo lilikuwa gumu kuliko vitenzi.

Mwezi Agosti mwaka jana polisi alisimamisha basi akitaka kujua, kama sheria ilivyotaka wakati huo, kwa nini Mchungaji yuko nje ya nyumba. Mchungaji alijibu kwa heshima kwamba yumo ndani ya nyumba. Polisi akachungulia, akaona kitanda, sufuria, mama akikunja blanketi, na maandishi ya ajabu kila mahali. Akauliza ni nini kile. Alielezwa vitenzi kwa dakika ishirini. Aliwaruhusu waende kabla hawajafika kwenye vitu vinavyokunjika.

Barua zao nilizisoma kanisani kwa Zoom kila mwezi. Hazikuwa na neno moja la uongo, na hiyo ndiyo kazi niliyoistaajabia kuliko zote. Waliandika kwamba wenyeji ni wakarimu, na ni kweli, watu wa Minto ni wakarimu. Waliandika kwamba mvua kubwa imefurisha mito, wakati sisi wenyewe tulikuwa tumesimama dirishani tukiitazama mvua hiyohiyo. Mama Aketch wa kanisani kwetu aliomba kila Jumapili walindwe na dubu wa Amerika, na Mchungaji, aliyekuwa akisikiliza kutoka kwenye basi, aliitikia amina kwa moyo wote. Siku moja Mchungaji alipokuwa akiomba yeye, kookaburra, ndege wa Australia anayelia kama mtu anayecheka, alitua juu ya basi akaanza kile kicheko chao. Waumini walimshukuru Mungu kwa kuwaweka ndege hao hata Oklahoma. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya hawa haikuwa ya uongo, na nadhani ndiyo maana ilikuwa ndefu vile.

Mimi nilicheka sana miezi ya kwanza. Baadaye niliacha. Mwalimu Nkatha alikuwa amekonda, na Mchungaji aliacha kupokea simu zangu mchana, akiogopa sauti yake itasikika nje. Watu hawa walikuwa wamezungukwa na marafiki pande zote, na walikuwa wapweke kuliko walivyokuwa jangwani.

Ilipokuja amri ya kutovuka kilomita tano, iliwakuta wameegesha nyuma ya jengo la kanisa moja Mount Druitt. Zamu yao ya chanjo ilifika, nao walisimama kwenye foleni wakiwa na barakoa, kofia na miwani, hata mimi nisingewatambua. Baridi ilikuwa kali na Mchungaji alikuwa amevaa koti lile alilopewa. Mita moja na nusu nyuma yake alisimama Mzee Venant na sweta lake, akitazama kishono cha uzi mwekundu begani, alichokishona kwa mkono wake mwenyewe. Akasogea kidogo, akauliza taratibu: "Pasta, hata kule Amerika foleni ni ndefu hivi?"

Mchungaji alianza kuvua koti palepale. Venant alilikataa. Baada ya sindano walikalishwa dakika kumi na tano waangaliwe, na katika dakika hizo, kama alivyonisimulia Mchungaji mwenyewe, mzee yule alifanya kazi ambayo sisi wahudumu wote tulishindwa kuifanya. Alimweleza jinsi kambini walivyokuwa wakiagwa. Jina linatoka, majirani wanalia, unagawa jembe na mkeka, unapanda basi, halafu huko mbele wanasema karatasi haijakamilika, rudini. "Mimi waliniaga mara tatu," alisema. "Ya kwanza nililia. Ya pili niliona haya. Ya tatu nilikula tu chakula yao. Rudi kwa watu, Pasta. Watu hawaumi."

Mficha uchi hazai. Jumapili iliyofuata waliwasha kamera bila kuweka picha ya mandhari nyuma yao, herufi zikaonekana, na sinki pia. Mchungaji akasema hawajawahi kwenda Amerika, wako Mount Druitt, na wanaomba radhi kwa kila aliyewatolea. Mwalimu Nkatha akasema walikuwa na hamu nasi sana. Kisha wakasubiri.

Kimya. Nyuso arobaini na tatu kwenye vijumba vyake, na hakuna hata sauti moja. Watu walikuwa wamefungua vinywa na kutupa mikono, na Mchungaji, kama alivyoniambia baadaye, aliona kwamba wanamfokea na kwamba wana haki. Alimshika mkewe mkono, akasogea kuzima kamera.

Wapendwa, nilikuwa nimezima sauti za watu wote. Kuna mtoto aliyekuwa akipiga sufuria tangu wimbo wa kwanza. Na badala ya kubonyeza kitufe, mimi nilikuwa nalia, natafuta leso. Nilipobonyeza hatimaye, vilitoka vigelegele vilivyokuwa vimeanza zamani, vya nyumba arobaini kwa mara moja, hata spika yangu ikapasuka. Sauti ya kwanza iliyoeleweka ilikuwa ya Mama Aketch, akitaka kujua amekuwa akiomba dhidi ya dubu gani kwa miezi kumi na saba. Mchungaji alimjibu kwamba maombi yamefanya kazi, kwani hawajaona hata mmoja. Ndipo Mwalimu Nkatha alipocheka, kile kicheko chake, na sote tukajua amerudi.

Vizuizi vilipolegezwa Oktoba walipata nyumba palepale Mount Druitt, na kila mtu akarudisha alichopewa. Wengine walirudisha hata wasichopewa. Waliokuwa wamegawa jokofu moja walijikuta na matatu. Kabati la sahani nimelirudisha, lina ufa kwenye kioo, nami naomba radhi kupitia jarida hili.

Tukitaja mafanikio, hatuwezi kuacha haya. Ndani ya basi lile, kwa simu, walirekodi hadithi sitini za Bi. Lorene, na watoto wa kanisa lake wanazisikiliza sasa. Darasa la Jumamosi limefunguliwa tena. Watoto wetu bado wanajibu kwa Kiingereza, isipokuwa kwamba sasa huomba mandazi kwa Kicherokee, tena kwa kitenzi sahihi. Wazazi wameniandikia barua tano za malalamiko, na mkurugenzi ameagiza zijumuishwe kwenye mafanikio.

Kustaafu hakuwafungi. Bi. Lorene ana miaka themanini na minne na amewaambia meza ipo. Wanaruka Jumamosi tarehe 2 Julai kama watu huru, bila kutumwa na ofisi. Mwalimu Nkatha amekataza sherehe: asilete mtu keki, wala blanketi, wala hotuba. Amekubali wasifu huu kwa sharti kwamba tunawaaga kazini tu, si kwetu.

Mchungaji, Mwalimu, asanteni kwa miaka ishirini na sita. Asanteni kwa watoto wetu, na kwa kutuonyesha kwamba hata watu wa Mungu huona haya. Tunawaombea uzee wenye afya, chai isiyo na masharti, na vicheko madukani. Na ndege ikikataa kuruka, msitafute maegesho. Njooni kwangu Guildford, mchana kweupe, na masanduku yenu. Nitakuwa nimepika.

Chepkoech, karani wa ofisi