Jeni Siyo Binti wa Mtu

Baridi ya asubuhi ya Sumbawanga haimheshimu mtu, ndiyo maana kijiwe cha Kona ya Pancha hujaa mapema: benchi moja, birika la Leonsi muuza kahawa, na midomo isiyopoa. Siku hiyo Beda alifika kifua mbele. Redio ilikuwa imemtaja dada yake, Dokta Justa, mtafiti wa yale maradhi yanayokula ubongo polepole mpaka mtu anatetemeka na kusahau hata jina la mwanawe. Baba yao, Mzee Christopha, aliondoka hivyo hivyo, na babu kabla yake. Beda aliagiza kahawa ya benchi zima hata hajakaa.

— Mmesikia? Dada'angu kagundua jeni!

— Jeni yupi? aliuliza Breki, dereva wa bodaboda. Yule wa vitumbua?

— Jeni siyo binti wa mtu, we! Ni kitu kilicho ndani ya damu. Unakirithi kwa wazazi, kama pua.

Profesa, fundi saa aliyeishia darasa la sita, akakohoa kisomi.

— Niwafafanulie. Jeni ni mbegu ya mahindi. Ukirudia kupanda ile ya ghalani kila mwaka, inachoka. Ukoo wa Beda ni mbegu ya ghalani.

— Unamtukana babu yangu?

— Namheshimu kisayansi.

— Mi nasema ni baridi, akadakia Breki. Ubongo wa Mfipa usiku unaganda, mchana unayeyuka. Hata bomba lingepasuka!

— Na wa watu wa Kaoze, kule bondeni kwenye joto? aliuliza Beda.

— Wale unachemka.

— Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, alisema Profesa. Yaani damu imekwenda kupimwa Ulaya, majibu yamerudi Ufipa.

— Ngamani unapajua? aliuliza Breki.

— Si ukishapita Laela, mkono wa kushoto?

Beda alicheka mpaka kahawa ikamwagikia koti. Raha ilioje! Jina la ukoo wao, lililozoea kunong'onwa, leo lilikuwa linatajwa kwa sauti barabarani. Kilichomkera ni kimoja tu.

— Justa yuko mjini, anachukua damu ya ukoo wote, wagonjwa na wazima, apate kulinganisha. Wazima wazee ndio adimu. Amebaki shangazi Fransiska, na bila yeye kazi ina pengo.

Kila mtu alijua habari za Fransiska. Kaka yake, Mzee Christopha, alipoanza kutetemeka, kijiji kilisema dada mtu ndiye anayemla kichawi, wakamfukuza, akahamia Milepa. Tangu hapo hajakanyaga kwao.

— Haji yule, Breki alisema. Ningekuwa mimi, nisingekuja.

— Hodi hapa.

Wakageuka. Mama mmoja mtu mzima, kitenge mabegani, alikuwa amesimama nyuma ya benchi. Beda alinyanyuka haraka.

— Shikamoo shangazi!

— Marahaba, mwanangu. Nimemsikia Justa redioni, nikapanda gari la alfajiri. Eti ugonjwa wa kaka yangu ulikuwa kwenye damu?

— Ndiyo, shangazi. Tangu kwa babu.

— Haya. Nyie mnaojua mambo, nielezeni. Mimi nilichomewa nyumba kwa kosa gani?

Breki aliinamia funguo za pikipiki. Profesa alifungua mdomo, akatafuta wahenga, hakuna aliyekuja. Leonsi aliinamisha birika mpaka tone la mwisho: kikombe kimoja tu. Beda akakipokea, akampa shangazi yake kwa mikono miwili.

Fransiska alikinywa amesimama. Mkono wake haukutikisika hata kidogo.

— Kahawa yenu nzuri. Sasa nipeleke kwa huyo mtoto, achukue damu yangu.

Zilikuwepo njia za mkato, lakini Beda alimpitisha barabara kuu, katikati ya soko, machozi yakimlengalenga na sauti akiipaza kwa kila aliyemjua na asiyemjua:

— Msalimieni huyu! Shangazi yetu huyu! Shangazi wa Dokta!