Waliokuwa Wafanyakazi wa Kiwanda cha Karatasi cha Koskiranta Wamwombea Mshauri Wao Abaki

Mgeni rasmi, Bi. Marjut Hyvönen, Mkurugenzi wa Huduma za Jamii wa manispaa yetu,

Sisi watu kumi na mmoja tuliotengeneza karatasi hapa tunakukaribisha, na tunashukuru umefika, barabara ikiwa barafu tupu. Kahawa ipo, na mikate ya iliki ameoka Eila.

TULIKOTOKA

Kiwanda kilipofungwa, miaka miwili iliyopita, tulikatiwa keki, tukapeana mikono, kila mtu akaenda kunyamaza kwake. Mume wa Eila, mwenzetu Reijo Paananen, alikuwa amekaa na mashine namba tatu miaka thelathini na moja. Alimwambia mkewe amepata kozi mjini. Kila asubuhi alibeba chakula chake, akaegesha gari nje ya geti la kiwanda, akakaa garini mpaka saa ya zamu kwisha. Majira yote ya baridi.

MAFANIKIO

Manispaa ilipotuletea mshauri nasaha, Bi. Saila Kortelainen, wa kukutana nasi kila Jumatano, Reijo alikuja shingo upande. Ameturuhusu tuyaseme haya.

"Mle garini unafanya nini?" Saila alimwuliza.

"Nasikiliza mashine."

"Si imezimwa?"

"Ndiyo maana nasikiliza, binti. Nahakikisha."

Hatukucheka. Wengi wetu tulikuwa tumeliona gari lile, tukapita.

Saila hakumwambia asahau. Wiki saba walizungumzia namna ya kumweleza Eila tu: aanzeje, na mkewe akilia afanye nini. Akamweleza. Eila alinuna siku mbili, kisha akasema, "Kesho twende wote, nilione hilo geti." Siku hizi wanakwenda Jumatatu tu, na hawakai sana.

CHANGAMOTO

Tumesikia mkataba wa Saila unaisha Desemba, na kwamba badala yake tutapewa namba ya simu ya kupiga. Siku habari hiyo ilipofika, Pentti Lahdelma aliacha kuja. Pentti alifiwa na mkewe mwaka uleule kiwanda kilipofungwa. Tulipomgongea mlango alisema, "Kama anaondoka, acheni nianze kuzoea sasa hivi."

Tunaogopa, mgeni rasmi. Tulitafuta neno la heshima zaidi, hatukulipata.

MAOMBI

Tunaomba Saila aongezewe mwaka mmoja. Kama haiwezekani, tunaomba utuambie leo, kwa mdomo wako, si kwa barua.

Pentti amekuja leo. Ndiye yule aliyekaa karibu na mlango. Hajavua koti.

Mungu akupe afya na akurudishe nyumbani salama.

Ni sisi,
Kikundi cha Jumatano, Koskiranta