Swali la Wakili Harlan Guillory

Mbele yetu amelala Wakili Harlan Joseph Guillory, na familia imempa dada yake mdogo, Verlene, kazi ya kusoma maisha yake. Marehemu hakupenda kusifiwa bila ushahidi. Yatakayosomwa hapa tunayajua wenyewe.

Alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, Opelousas, Louisiana, mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Ozema Guillory, mkulima wa viazi vitamu, na Bi. Eula. Alichelewa kuongea hadi akatimiza miaka mitatu, na mama yetu alisema kwamba alipoanza, alianza kwa kubisha.

Alisoma Opelousas hadi mwaka 1969, kisha akaja hapa Baton Rouge, akahitimu historia mwaka 1973 na sheria mwaka 1976. Mtihani wa uwakili alifeli mara ya kwanza. Angekasirika tukilificha hilo, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulificha kwa mwanafunzi yeyote. Aliapishwa mwaka 1977.

Tarehe 17 Juni 1978 alimwoa Claudette Rideau, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa Simone na Terrence. Akiulizwa nani kamaliza pai ya viazi vitamu, alijibu kama yuko mahakamani, "Hilo ni swali elekezi, mke wangu." Naye wifi yetu alimjibu, "Na chembe zilizo kwenye tai yako nazo zinaelekeza."

Alifanya kazi ya uwakili miaka arobaini na moja, zaidi akiwatetea watu wasio na uwezo. Kesi alishinda nyingi. Hapa itasomwa moja aliyoshindwa, kwa sababu ndiyo iliyomfanya awe yule mliyemjua.

Oktoba 1989 alimtetea Wendell Pitre, kijana wa miaka ishirini na minne, aliyeshtakiwa kwa kuiba dukani kwa bunduki. Wendell alisema hakuwapo. Shahidi alikuwa mama mwenye duka. Harlan alimhoji vizuri sana: taa ilikuwa imezimika, miwani aliiacha nyumbani, na mwizi alijifunika uso. Pale alitakiwa kukaa, asiulize zaidi. Badala yake akauliza, "Sasa, mama, uliwezaje kujua ni yeye?" Yule mama akajibu, "Kwa sauti. Nimemfundisha kwenye kwaya ya watoto miaka minne." Wananchi kumi na wawili waliokuwa wakiamua kesi walirudi baada ya dakika arobaini. Wendell alifungwa miaka ishirini.

Harlan hakula vizuri hadi Krismasi. Januari 1990 akaanza kwenda gerezani kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na kwa miaka sita Wendell alikataa kumwona. Harlan alikuwa akikaa kwenye chumba cha wageni hadi saa za kutembelea ziishe, halafu anarudi. Claudette alimuuliza, "Unaenda kukataliwa tena?" Akasema, "Naenda. Siku akibadili mawazo, asikose kunikuta." Mwaka wa saba Wendell alitoka kumwona. Walichozungumza hakutuambia.

Mwaka uleule wa 1990 Harlan alijitolea kuifundisha timu ya shule ya sheria inayokwenda kwenye mashindano ya kesi za mazoezi. Alifundisha miaka thelathini na nne, Jumanne na Jumapili, bila malipo. Mazoezi aliyafanyia kwenye ukumbi wa kanisa hili, na kina mama wa jikoni, mkiwemo nyinyi mliokaa safu ya tatu, mlikuwa waamuzi wa kesi hizo kwa malipo ya sahani ya kambare wa kukaanga. Mliwaliza watoto wa watu. Asubuhi wanafunzi walishtaki, mchana wakatetea kesi ileile, naye alikuwa mkali kotekote.

Kila Septemba, siku ya kwanza, aliwapa ukurasa mmoja wa kumbukumbu za kesi ya Wendell, majina yakiwa yamefutwa, wausome kwa sauti. Mmoja alikuwa wakili, mwingine yule mama. Kila mwaka walifika kwenye lile swali wakacheka, naye aliwaacha wacheke.

Wendell alitoka gerezani Juni 2009. Septemba Harlan alimwalika, naye Wendell akaketi nyuma ukumbini. Kijana mmoja aliposema, "Huyu wakili, heri angelipwa abaki nyumbani," Wendell alisimama.

"Wakili mwenyewe ndiye huyo anayewafundisha," alisema. "Na aliyefungwa ni mimi."

Msichana aitwaye Denise Cormier akauliza kwa adabu, "Mzee, kwa nini aliuliza?"

"Aliuliza kwa sababu aliamini kabisa kwamba sikuwapo. Alidhani jibu litanitoa. Mle ndani wengine wote walikuwa na mashaka, hata mama yangu."

Harlan alitoka nje na hakurudi kufundisha siku ile. Verlene alimkuta ameegemea gari lake, analia.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Agosti 2024. Aliyempeleka hospitali kila wiki ni Wendell. Timu ilikuja kufanyia mazoezi sebuleni kwake hadi Januari, yeye akiwa kitandani, akiwakatiza kwa kunyoosha kidole. Alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, saa mbili asubuhi, mkewe amemshika mkono. Sisi tuliokuwapo tumeumia, na hatutajifanya wagumu.

Ameacha mjane, Claudette, watoto wawili, Simone na Terrence, wajukuu watano, dada zake, Verlene na Odessa, na wanafunzi wasiopungua mia mbili.

Marehemu aliagiza jina la Wendell Pitre lisiwekwe kwenye orodha hii bila ruhusa ya mwenyewe, kwani alisema hana haki ya kumdai undugu mtu aliyempotezea miaka ishirini. Jumamosi tulimuuliza Wendell. Akasema, "Andikeni ni kaka yangu."

Basi ameacha pia mdogo wake, Wendell.

Mungu amlaze pema Harlan wetu, naye apumzike kwa amani.