Marehemu Hakuwa Mvumilivu

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, nimesimama mbele yenu mimi dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, kwa hiyo nitasoma polepole na sitapenda minong'ono kule nyuma. Karatasi hii iliandikwa na ofisi yake, tunashukuru, imeandikwa vizuri na tarehe zote ni sahihi, ila kuna neno moja limerudiwa mara tatu, kwamba marehemu alikuwa mvumilivu, na neno hilo nimelikata kwa kalamu nyekundu, kwa sababu huyo mvumilivu mimi simjui, na tukimzika yeye tutakuwa tumekosea kaburi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, akiwa binti wa pili na kitinda mimba wa baba yetu, aliyekuwa karani wa posta, na mama yetu, aliyekuwa mshonaji, na kwa kuwa alikuja kabla ya miezi kutimia, mama alikuwa akisema mtoto huyu hakuwa na subira hata ya kuzaliwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, na mwaka 1972, akiwa darasa la tano, mtaani kwetu iliingia ile homa ambayo watu waliiita homa ya damu, kwa sababu aliyeipata alitokwa na damu puani na kwenye fizi. Marehemu aliugua, mama akamuuguza kwa mikono mitupu, hakukuwa na glavu wala mtu wa kumwambia avae, mtoto akapona, mama akaanguka, akafariki tarehe 29 Agosti 1972. Mimi nililia nikanyamaza, lakini mdogo wangu aliuliza kwa nini dawa haikuletwa, akaambiwa dawa ya homa hiyo haipo, akauliza ni nani anayeitengeneza, watu wazima wakatazamana, na kwa kuwa hakupata jibu, nadhani siku ile ndipo alipojiajiri.

Elimu ya sekondari aliipata kuanzia 1975 hadi 1980, chuo kikuu akamaliza 1985, kisha mwaka 1987 akaenda ng'ambo kusomea virusi, akarejea Novemba 1992 na shahada yake ya uzamivu, na majirani waliokuja kumpokea wakitazamia redio kubwa walikuta amebeba sanduku moja la vitabu na sweta zito la kahawia. Walicheka, nami nilicheka, lakini sweta hilo lilikuja kuwa jina lake, kwani tarehe 1 Februari 1993 aliajiriwa katika maabara ya utafiti wa virusi, akapewa chumba cha mwisho kwenye korido, chenye meza iliyotegemezwa mguu mmoja kwa boksi lililokunjwa, na mlango wa pembeni uendao kwenye chumba cha baridi, ambako majokofu yalinguruma kutwa kucha, na kila mara alipotoka humo kwenda kununua mboga alisahau kulivua, watoto wa mtaani wakamwona na sweta juani, wakamwita Mama Sweta.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994 na shemeji yangu mpima ardhi, huyu aliyekaa hapa mbele, ambaye walikutana kwenye benchi la ofisi moja, wote wawili wakisubiri mhuri, na marehemu alipenda kusema kwamba ofisi ile ilikuwa na kasi ya ajabu, maana alipata mchumba, posa na mume kabla ya kupata mhuri. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa 1996, ambaye ni mkunga, na kijana aliyezaliwa 1999, ambaye ni fundi magari, na ni hao walipokuwa wadogo, walipomuuliza kazi yake ni nini hasa, ndipo alipowajibu kwa maneno ambayo hata mimi niliyaelewa, kwamba chanjo ni kumfundisha mtu kupika kabla njaa haijafika, na kingamwili ni kumletea chakula kilichokwisha kupikwa, kwa sababu njaa imeshamkamata na muda wa kumfundisha haupo tena.

Sasa nafika mahali ambapo karatasi ya ofisi inasema marehemu alikabiliana na changamoto kwa uvumilivu, na mimi nasema hapana. Chanjo yake ya kwanza ilikuwa tayari mwaka 2003, homa ikalipuka mwezi Aprili, yeye akaomba kibali cha kuijaribu kwa wahudumu waliokuwa wakiwauguza wagonjwa, kibali kikajadiliwa, kikaahirishwa, kikarudishwa kwa sababu ukurasa mmoja ulipigwa mhuri kichwa chini, na kilipotoka mwezi Septemba, homa ilikuwa imekwisha Julai pamoja na waliokufa nayo, na chanjo haiwezi kuthibitishwa penye watu wasio na hatari ya kuugua, basi ikakaa jokofuni mpaka muda wake wa matumizi ukapita. Mkubwa wake wa wakati huo alimpigapiga begani akamwambia mvumilivu hula mbivu, naye akamjibu mbele ya kikao kizima kwamba mbivu zimekwisha kuoza jokofuni, aje amwonyeshe. Alipewa barua ya onyo kwa jibu hilo, akaibandika ndani ya mlango wa chumba cha baridi, nasikia bado ipo.

Kuanzia hapo, kila homa ilipolipuka kibali hakikuwepo, na kila kibali kilipotoka homa ilikuwa imeondoka, na wapo watu, wengine mko hapa, mliosema Mama Sweta anaombea watu waugue ili ajaribu dawa zake. Maneno hayo yalimfikia. Alikuja kwangu, akakaa jikoni, akachambua mchele wote wa kwenye ungo, kisha akauliza kama mtu aliyeuliwa mama na ugonjwa huo anaweza kuuombea urudi, nami nikamwongezea mchele kwenye ungo.

Mwaka 2009 aliiacha chanjo kidogo, akageukia kingamwili, yaani kile chakula kilichopikwa, na kwa kuwa mpishi wake ni damu ya mtu aliyewahi kuugua akapona, alizunguka na sindano zake akiwatafuta walionusurika, mtaa kwa mtaa, mpaka akafika kwa muuza nyama mmoja aliyepona homa ile ile ya 1972, naye muuza nyama akakataa katakata, akasema yeye damu huwa anaitoa kwa ng'ombe, kisha akamuuliza daktari wetu kama ya kwake mwenyewe ameshaitoa. Ndugu zangu, msomi wetu alikuwa amesahau. Alikuwa ametafuta waliopona kwa muda wote huo, akawaandika, akawabembeleza, wala hakukumbuka kwamba wa kwanza wao alikuwa yeye, kwa sababu kila alipoukumbuka mwaka ule alimkumbuka mama, hakujikumbuka. Alirudi maabara akicheka na kulia, akakunja mkono wa sweta, akatolewa damu, na ndani yake wakakuta chembe ambazo bado ziliukumbuka ugonjwa, kana kwamba umeondoka jana, wakazizalisha, zikatoa kingamwili, na hiyo ndiyo dawa mnayoisikia. Mama alikufa akiuokoa mwili ule, na mwili ule ukatoa dawa, mimi sijui nani anahitaji mahubiri zaidi ya hayo.

Dawa ilipowaponya wanyama wa maabara, homa ikalipuka tena mwaka 2016, na kikao cha tume ya vibali kikaamua isubiri sahihi moja zaidi, na katika kusubiri huko alifariki muuguzi aliyekuwa rafiki yake, mtu aliyejua kabisa kwamba dawa ipo, ipo kwenye jokofu mwendo wa asubuhi moja kwa gari. Marehemu alipiga kelele kikaoni siku hiyo, aligonga meza, aliondoka bila kuaga, na nasikia mpaka leo mnasimuliana jinsi alivyokosa adabu. Alikosa, nakubali. Tulilelewa nyumba moja, na adabu aliyofundishwa naijua, ilimwisha kazini.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo Novemba 2022, akawa anakwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kila wiki, na aliwatania wauguzi wawe waangalifu wasije wakamwaga dawa ya taifa kwenye ndoo, na akiwa ameunganishwa na mashine hiyo aliendelea kupiga simu za kuulizia kibali, mpaka daktari wake akamnyang'anya simu, naye marehemu akaazima ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa tano asubuhi, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa binti yake.

Hapa karatasi ya ofisi imekwisha, yanayofuata ni yangu. Jumatatu, tarehe 10 Juni, tukiwa tumekaa msibani, kibali kilifika. Kilifika, ndugu zangu, chenye mihuri yote imesimama wima, kikiruhusu dawa wapewe wagonjwa wa homa ya damu, na wagonjwa wapo, mmesikia redioni wenyewe habari za vijiji vya ng'ambo ya mto, wamo watoto, yumo mkunga aliyesoma darasa moja na mpwa wangu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake yote ya kazi, homa, dawa na kibali vimekutana wiki moja, na aliyekosekana ni yeye, kwa sababu kibali kimeandikwa kwa jina lake, kinataka sahihi yake, na msaidizi wake alipokwenda kuuliza aliambiwa kwamba mtafiti mkuu akifariki maombi huanza upya, na kwamba familia ipewe pole na iwe na subira.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, hasa yule aliyemnyang'anya simu, nawashukuru majirani waliopika, waliobeba viti na waliolala nasi chini, nawashukuru wafanyakazi wenzake waliovumilia hasira zake, hilo ndilo neno mvumilivu nililolikubali, nimelihamishia kwenu. Msaidizi wake hayupo hapa, msimlaumu, nimemkataza mimi kuja, yuko kwenye chumba cha baridi, amevaa sweta la marehemu, gari liko mlangoni limejaa mafuta, na anasubiri simu moja tu.

Ndugu mwenyekiti wa tume ya vibali, nimekuona safu ya tatu, ahsante kwa shada la maua. Sikukosei adabu, nakuomba kama ninavyomwomba mzazi wa mwanafunzi wangu. Leo tunazika nusu ya mdogo wangu, nusu nyingine iko kwenye chupa, ina baridi, iko hai, na muda wake wa matumizi unaisha Novemba. Jina moja lifutwe, jina jingine liandikwe, hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza. Mlipoingia hapa mlitangaziwa mzime simu kwa heshima ya marehemu, nanyi mmetii, tunashukuru, ila wewe, kwa heshima hiyo hiyo ya marehemu, tunakuomba ya kwako uiwashe.

Mdogo wangu, dada yako nimesoma mpaka mwisho na sikuruka mstari. Pumzika kwa amani, sisi tutakaa macho.