Mzee Kenga, Aliyeshindwa Kuuza Chakula Angani

Tarehe 30 Juni 1998 Mzee Kenga Kahindi atavua sare ya Shirika la Ndege la Kozi baada ya miaka ishirini na mmoja. Alianza kwa kubeba mizigo uwanjani, akapanda mpaka akawa mhudumu ndani ya ndege. Sisi wa kupiga deki twamwita Baba Kanze.

Mwaka 1993 wakubwa waligundua siri ya kupeleka watu Ujerumani kwa bei rahisi: abiria auziwe kiti peke yake. Chakula, maji, blanketi, kila kitu kivyake. Saa tisa hewani, njaa ikimuuma atakimbilia wapi? Hesabu ilikuwa nzuri sana, ila walioipiga hawajapata kusafiri na watu wa Mombasa.

Abiria walipanda na mahamri, viazi karai na kuku wa kupaka. Na mtu wa kwetu hali mbele ya mwenziwe bila kumkaribisha. Abiria mmoja, Mejumaa wa Mji wa Kale, peke yake alilisha safu tatu za Wajerumani. Mzee Kenga alirudi na kigari chake cha kuuzia vilevile kilivyokwenda, mdomo unang'aa mafuta.

Meneja wetu, Bwana Griffins, akaweka sharti: mhudumu asiyeuza hapati tikiti ya bure ya kusafiria likizoni. Hapo ndipo palipouma. Binti yake Mzee, Kanze, ameolewa huko Ujerumani na amezaa, na ndege yetu ikitua hugeuza papo hapo, mhudumu haruhusiwi kushuka. Miaka mitano Mzee amefika Ujerumani, na mjukuu hajampakata.

Bwana Griffins akapanda mwenyewe kupeleleza. Akamkuta Mzee anampa maji mama mwenye kichanga.

"Mzee, hayo yanauzwa!"

"Bwana mkubwa, nimuuzie mtoto maji? Hebu kaa ule hamri, hasira zishuke."

Akakaa. Alikula manne. Sharti likabaki palepale.

Wiki jana shirika limempa zawadi ya kustaafu: tikiti ya kwenda. Kurudi, wanasema, ni biashara nyingine. Basi tumechanga sisi wa deki na wapakia mizigo. Bwana Griffins naye ametoa, ila ameomba asitajwe.

Baba Kanze, ahsante kwa moyo wako. Tumekufungia vifurushi viwili, kimoja cha kugawa. Cha pili ni chako, nakusihi ukile mwenyewe, usije ukafika kwa mwanao na njaa. Mola akupe uzee wa raha. Na safari hii ndege ikitua, wewe shuka.